Mdogo wangu, usiache kazi kwa ajili ya Tekken

Huku Sur sote wazima, joto tu ndilo linatukaanga. Leo nina neno na mdogo wangu wa Tanga. Nalisema mbele ya wote kwa sababu nimesikia ukoo mzima umeshagawanyika.

Kijana anataka kuacha kazi ya dukani acheze Tekken kutwa kucha, awe mchezaji wa kulipwa. Mama anasema gemu ni ya watoto, aitupe. Wajomba wanasema dunia imebadilika, aachwe ajaribu. Mimi nasema hivi: abaki kazini, na gemu aendelee nayo. Sababu ninazo.

Kwa msiojua, Tekken ni gemu ya ngumi na mateke ya watu wawili, ilianzia Japani mwaka 1994. Wengi wetu tuliijua kwa Tekken 3, iliyotoka kwenye PlayStation mwaka 1998 na kujaa vibandani. Tekken 8 ilitoka Januari 2024, na ndiyo ninayocheza mimi. Wiki yangu ya kazi ni Jumapili hadi Alhamisi. Siku ya kazi napata saa moja tu baada ya isha, na kwa saa hiyohiyo moja daraja linapanda.

Inawezekanaje? Sikilizeni. Picha kwenye kioo hubadilika mara 60 kwa sekunde, na kila picha inaitwa fremu. Ngumi ya haraka ya wahusika wengi huchukua fremu 10, yaani sehemu moja ya sita ya sekunde. Hakuna jicho la kuiona ikianza na kuiwahi. Kwa hiyo anayeshinda ni yule anayejua kinachokuja. Mpinzani akirusha teke ukalizuia, kuna mateke yanayomwacha wazi kwa fremu 10 au zaidi. Hapo ngumi yako inampata, apende asipende. Kuna mengine yanamwacha wazi kwa fremu 9, na hapo ukirusha ngumi anaizuia. Mambo haya ni ya kujifunza na kukumbuka, na kichwa kilicholala vizuri kinayashika kuliko kichwa kilichokesha.

Basi fanya hivi, mdogo wangu. Chagua mhusika mmoja, usibadili kila wiki. Dakika 20 za kwanza ingia kwenye mazoezi na jambo moja tu: rekodi pigo lililokuua jana, mpinzani wa kompyuta alirudie, wewe uzuie na ujibu, mpaka mkono ujibu wenyewe. Halafu cheza mechi chache na watu. Mwisho tazama marudio ya mechi uliyopoteza. Tekken 8 inakuruhusu hata kusimamisha marudio na kushika pedi ujaribu jibu jingine. Andika kwenye daftari kilichokushinda, zima, lala. Kesho ndilo somo lako.

Wanaocheza saa nane mfululizo nawafahamu. Wakipigwa mara tatu wanapandwa na hasira, wanataka kulipiza, wanaanza kubonyeza ovyo. Mtu anarudia lilelile mpaka usiku wa manane halafu anasema amefanya mazoezi! Mwenye kazi asubuhi hana nafasi hiyo. Kazi inamlazimisha aende kwenye jambo la maana moja kwa moja.

Kingine ni wa kucheza naye. Arslan Ash wa Lahore, Pakistan, hakuwa na jina kubwa duniani, lakini mwaka 2019 alishinda EVO Japan na kisha EVO ya Las Vegas. Watu walishangaa, kumbe Lahore ilikuwa imejaa vijana wakali wanaopigana wao kwa wao uso kwa uso. Huku kuanzia Juni hadi Agosti sheria inakataza kazi za juani kati ya saa 6 na nusu na saa 9 na nusu mchana, na jamaa mmoja Mpakistani wa kazini kwetu muda huo anatazama mechi za Arslan kwenye simu badala ya kulala. Alhamisi usiku yeye, mimi na kijana mmoja Mwomani ambaye bibi yake alizaliwa Zanzibar tunakutana kupigana. Tunataniana kwa Kiswahili na Kiarabu, Mpakistani anatuchapa wote wawili. Na wewe tafuta watatu wa hapo Tanga wanaokushinda.

Wajomba watasema, na pesa je? Ni kweli, Riyadh mwaka 2024 zawadi za Tekken 8 peke yake zilifika dola milioni 1. Lakini waliogawana ni wachache mno. Tazameni jirani zetu: Sylvia Gathoni wa Kenya, QueenArrow, alisajiliwa na timu ya XiT Gaming mwaka 2018 huku akiwa anasoma sheria. Daigo Umehara wa Japani aliacha gemu kabisa, akafanya kazi ya kuhudumia wazee, kisha akarudi na kushinda EVO ya 2009 kwa Street Fighter IV. Kazi haikumuua mikono.

Tena tuseme ukweli wa nyumbani. Mshahara wa duka ndio unaolipa kodi na ada ya mdogo wetu wa mwisho. Ninachotuma kutoka huku hakiwezi kubeba vyote.

Na wewe mama, nisamehe. Kaka zako walicheza bao barazani kila jioni wakitoka kazini, mpaka magharibi, na hakuna aliyewaita watoto. Mwachie saa yake moja.

Pendekezo langu: miezi sita, saa moja kwa siku, kazi palepale. Akifika daraja la Fujin, nauli ya kwenda kushindana Nairobi nalipa mimi. Asipofika, bado ana kazi, ada imelipwa, na mchezo anao. Wajomba mnasemaje? Wasalimieni wote, watoto wabusuni.