Uchovu wa Mama Usiitwe Uvivu



Wapo miongoni mwa mama zetu waliojifungua, mtoto akalia na vigelegele vikapigwa, kumbe mzazi mwenyewe atokwa na damu nyingi hata akazimia. Wakaokoka, alhamdulillahi. Lakini maziwa hayakutoka, wala hedhi haikurudi. Miaka yapita nao wamechoka daima, wahisi baridi hata katika joto la kaskazi, nywele za kwapa zimepukutika na furaha imewatoka. Nyumbani huitwa wavivu. Mtaani husemwa wana jini. Juma hili twapenda kuwatetea.

Chini ya ubongo ipo tezi isiyozidi punje ya mbaazi, iitwayo pituitari. Ndogo hivyo, ndiyo iziamrishayo tezi nyingine mwilini. Wakati wa mimba hukua na kuhitaji damu zaidi. Mzazi akipoteza damu nyingi, sehemu yake yaweza kufa. Daktari Mwingereza, Harold Sheehan, aliieleza hali hii mwaka 1937, nayo hadi leo huitwa kwa jina lake.

Katika vinavyopotea hapo ni homoni ya ukuaji. Wengi wetu hudhani hiyo ni ya watoto tu, waongezeke kimo. La, mtu mzima naye huihitaji, kwani huimarisha misuli na mifupa, huzuia mafuta kulundikana tumboni, na huchangia nguvu na uchangamfu.

Zamani homoni hiyo ilitolewa katika tezi za maiti. Mwaka 1985 ilibainika kwamba baadhi ya waliodungwa walipatwa na maradhi mabaya ya ubongo, njia hiyo ikaachwa, na sasa hutengenezwa maabarani. Watu wazima wenye upungufu wanaodungwa kila siku kwa miaka huongezeka misuli na kupungua mafuta, na wengi husema maisha yamerudi kuwa na ladha. Wanaonufaika zaidi ni wale waliokuwa wamedhoofika zaidi.

Huko Uingereza, tangu mwaka 2003, miongoni mwa masharti ya kuipata ni mgonjwa kujibu maswali 25 kuhusu maisha yake: je, huchoka upesi, husahau, hujitenga na watu? Afikishaye alama 11 hujaribiwa dawa kwa miezi 9; alama zisiposhuka kwa 7 au zaidi, huachishwa. Tazameni, wasomaji wetu: kauli ya mgonjwa juu ya uchovu wake imefanywa ushahidi. Iweje sisi tuidharau kauli ya mke aliye chini ya dari moja nasi?

Twatahadharisha mambo matatu. Kwanza, dawa hii ni ghali na si ya kurudisha ujana wala kutunisha misuli ya mwenye afya; mwenye saratani hapewi. Pili, haianzi yenyewe. Kinachotangulia ni kotisoli, kisha homoni ya tezi ya shingo, na mwenye kukosa kotisoli akiacha vidonge vyake ghafula aweza kufa. Basi asiviache kwa ajili ya Ramadhani kabla ya kuzungumza na daktari. Mgonjwa amepewa ruhusa na Mola wake. Tatu, asiiogope sindano kwa sababu ya saumu: Majmaa ya Fiqhi ya Kiislamu iliyokutana Jeddah mwaka 1997 iliamua kwamba sindano za chini ya ngozi, zisizo za lishe, hazifunguzi.

Enyi waume, mama wakwe na mawifi, mkimwona mzazi aliyetokwa na damu nyingi kisha akakosa maziwa na hedhi, mpelekeni hospitali, hata ikiwa imepita miaka kumi. Mwelezeni daktari habari ya uzazi ule waziwazi, na mumuombe apime homoni katika damu yake. Kisomo ni kheri, nacho hakizuii kipimo.

Wabillahi tawfiq.