Tarakilishi kuukuu ina la kuwafunza wanafunzi wetu

Wahenga walituusia tusiache mbachao kwa msala upitao. Usia huo niliukumbuka majuzi nilipoiunganisha tarakilishi kuukuu na printa ya leza iliyo kwenye mtandao wa shule ninakofundisha.

Tarakilishi yenyewe ni BBC Micro, iliyoundwa na kampuni ya Acorn ya mjini Cambridge, Uingereza, mwaka wa 1981. Mwenzangu aliyesomea huko aliniachia alipostaafu. Kumbukumbu yake ni kilobaiti 32 tu. Wanafunzi wa chama chetu cha tarakilishi walipoiona walicheka, wakauliza kwa nini nisiitupe.

Niliwajibu kwa vitendo. Nyuma ya mashine hiyo pana tundu la kupitishia habari. Tulitia waya kutoka hapo hadi kwenye tarakilishi ndogo ya Raspberry Pi, ambayo kazi yake ilikuwa moja tu: kupokea kila herufi na kuipeleka kwenye mlango nambari 9100, ambao printa nyingi za mtandao hupokelea kazi. Kisha kwa amri ya *FX5,2 tuliiagiza BBC Micro ichapishe kupitia tundu lile.

Tulituma shairi la mwanafunzi mmoja. Taa ya printa ikamemeteka, lakini karatasi haikutoka. Ndipo tulipong'amua kuwa printa ya leza huchapa ukurasa mzima kwa pamoja, nayo ilikuwa ikingoja kuambiwa kwamba ukurasa umekwisha. Tulipotuma alama nambari 12, karatasi ilitoka, ila mishororo yote ilikuwa imerundikana mmoja juu ya mwingine! Kumbe BBC Micro, isipoamriwa vinginevyo, huizuia alama nambari 10 ya kushukia mstari mpya, kwa kuwa printa nyingi za enzi zake zilishuka zenyewe. Amri ya *FX6,0 ilimaliza tatizo, na shairi likatoka safi.

Je, ni nini kilichozipatanisha mashine zilizopishana kwa miongo kadhaa? Ni ASCII, utaratibu wa kuzipa herufi nambari uliokubaliwa Marekani mwaka wa 1963. Kwao wote, A ni 65. Utaratibu huo uko wazi kwa kila mtu.

Si printa zote zilizo hivyo. Zipo zisizoelewa herufi tupu, zinazotegemea programu maalumu ya kuzichorea ukurasa. Programu hiyo ikiachwa bila kuendelezwa, printa nzima huenda ikageuka taka ilhali mwili wake ni mzima. Shule inayonunua bila kuuliza swali hili inajinunulia hasara ya kesho kwa karo ya wazazi.

Huenda msomaji akasema kuwa nilipoteza wakati, kwani tarakilishi ya kisasa ingechapisha shairi lile kwa kubofya mara moja. Nakubali. Lakini anayebofya tu hufunzwa kutumia, hafunzwi kuelewa. Siku mashine ikigoma, hana budi kumwita fundi na kumlipa. Wanafunzi wangu walikosea mara mbili, na kila kosa liliwafungulia mlango.

Walimu wenzangu, kabla ya kuitupa tarakilishi iliyo stoo, iwekeni mezani mbele ya wanafunzi. Nanyi wanafunzi, msiicheke. Iulizeni inavyofanya kazi.