Ukichorwa Katuni, Usitoe Povu!

Wadau, kuna mastaa wetu (majina kapuni) wakichorwa katuni tu, povu linawatoka, mashabiki wanapigwa block. Acheni hizo! Star Trek, ile tamthilia ya Marekani ya safari za anga za juu, ilianza Septemba 1966. Desemba 1967 tu, jarida la vichekesho la MAD likaichana kwa katuni iliyoitwa "Star Blecch". Mchoraji Mort Drucker aliwatoa waigizaji sura zao zile zile, ila vituko vitupu! Kwani iliwaua? Wapi! Runinga iliifuta 1969, lakini jina lake bado linauza filamu. Mtu hakutanii kama hajakufuatilia. Siku wakiacha kukuchora, hapo ndo ulie. Au nasema uongo?