Muuguzi, uliza kwanza dawa za kifafa

Nilizaliwa ukimbizini, nikasoma Ngarama na makazi ya Nakivale, Uganda, hadi wazazi wetu waliporejea Rwanda mwaka 1994. Kifafa kilinianza huko, na dawa tulizifuata Mbarara. Leo ni mwalimu, nami bado nazimeza.

Baada ya mtoto wa pili nilikwenda zahanati kuomba uzazi wa mpango. Nikapewa vidonge. Hakuna aliyeniuliza natumia dawa gani nyingine, wala mimi sikujua kwamba yafaa kusema. Nilivimeza bila kuruka siku, na bado nikashika mimba. Ukweni nikaitwa mzembe.

Ukweli ni kwamba kabamazepini, fenitoini na fenobabitoni, dawa za kifafa zinazotumika sana katika nchi zetu, hulifanya ini kuziondoa mwilini upesi homoni za vidonge hivyo. Vijiti vya mkononi navyo hupungua nguvu. Sindano ya miezi mitatu haiathiriwi na dawa hizo, wala kitanzi cha shaba, kwa kuwa hakina homoni. Njia zipo, ila mwanamke hawezi kuchagua asichoelezwa.

Kuna jambo zito zaidi. Valproeti, dawa nyingine ya kifafa, huweza kumlemaza mtoto tumboni. Mwaka 2023 Shirika la Afya Duniani lilishauri wanawake na wasichana wanaoweza kuzaa wasianzishiwe dawa hiyo. Hata hivyo, mama asiache dawa yoyote ya kifafa kwa hofu. Kuiacha ghafla huweza kuleta kuanguka mfululizo kunakoua. Amwone daktari kwanza, abadilishiwe taratibu.

Mwanamke wa Nakivale hana nauli ya kwenda Mbarara kila mara kumwona mtaalamu. Lakini swali moja, "Mama, unameza dawa gani?", halihitaji mtaalamu wala mashine. Wizara za Afya na mashirika yanayohudumia wakimbizi yaliweke kwenye kadi ya kliniki, lijibiwe kabla ya mama kupewa njia yoyote.

Nanyi waume, mnapoona mimba isiyotarajiwa, msikimbilie lawama. Twendeni kliniki pamoja, na vidonge vyote mkononi.

Mtoto wangu yule yuko sekondari sasa, na nampenda kama wenzake. Hata hivyo, nilistahili kuulizwa.