Magari ya Urithi Yasiuzwe kwa Kilo

Katika mali zote za mirathi, hapana iliyo rahisi kudhulumiwa kama magari ya kale na vipuri vyake. Nyumba ina hati, shamba lina mipaka na majirani walioishuhudia, na dhahabu hupelekwa kwa sonara ikajulikana thamani yake. Lakini banda lililojaa magari yaliyokauka matairi, giaboksi zilizoegemezwa ukutani na makasha ya gasketi zilizofungwa katika karatasi ya mafuta, machoni pa warithi walio wengi huwa ni taka zilizomshughulisha marehemu, na machoni pa mnunuzi wa chuma chakavu huwa ni uzito wa kupimwa. Aghalabu, kabla arobaini haijafika, lori limekwisha simama mlangoni, na mkusanyo uliomchukua mtu umri wake mzima umekwisha ondoka kwa bei ya kilo. Rai yangu ni kwamba warithi wana haki ya kuuza, lakini haki hiyo haitimii mpaka kwanza liandikwe daftari kamili la kila kilichomo bandani, na kabla ya hapo isitoke hata nati moja.

Kuuza kwenyewe hakuna lawama. Wako watu wema wadhanio kuwa kuliuza gari la baba ni kumvunjia heshima, na kwa dhana hiyo huyaacha magari yakaliwa na kutu miaka na miaka, hata yakawa hayamfai aliye hai wala hayampi fahari aliyekufa. Sheria ya mirathi ya Kiislamu imekwisha tuonyesha njia: zikisha kutolewa gharama za maziko, na madeni, na wasia usiozidi thuluthi, kilichobaki hugawanywa kwa mafungu, mjane wa marehemu aliyeacha watoto akapata thumni, mama yake akapata sudusi, na wengine kadiri ya haki zao. Gari halikatwi kwa thumni wala sudusi. Fedha hukatika mpaka senti ya mwisho, na kwa hiyo mara nyingi kuuza ndiko kutenda insafu. Lakini kwa sababu iyo hiyo, kila kabureta iliyomo bandani ni mali ya warithi wote kwa pamoja, na huenda miongoni mwao yumo yatima mdogo asiyeweza kujisemea. Na kaka mkubwa ampaye rafiki yake giaboksi kwa bei ya urafiki amefanya ukarimu kwa haki ya yatima huyo.

Tutazame yaliyotokea Ufaransa. Roger Baillon, tajiri wa malori ya uchukuzi, alianza katika miaka ya 1950 kukusanya magari ya fahari, mengi yao yakiwa yametengenezwa kabla ya vita, kwa nia ya kuyajengea makumbusho. Katika miaka ya 1970 biashara yake ikaharibika, baadhi ya magari yakauzwa, na yaliyosalia yakabaki shambani, magharibi mwa nchi ile, chini ya mabanda hafifu yaliyokuwa wazi ubavuni, majani yakiyatambalia. Mzee alifariki, mwanawe naye akafariki mwaka 2013, na wajukuu, badala ya kumwita mtu wa chuma chakavu, wakawaita wajuzi wa Artcurial, nyumba ya mnada ya Paris. Wajuzi hao walipofika mwaka 2014 walikuta, chini ya rundo la magazeti makuukuu, Ferrari 250 GT California ya mwaka 1961, gari ambalo mwigizaji Alain Delon aliwahi kupigwa picha ndani yake. Wakakuta pia Talbot-Lago iliyokuwa ya Mfalme Farouk wa Misri. Hawakuyaosha magari yale wala hawakuyapaka rangi: waliyatoa na vumbi lake, wakaandika habari za kila moja, na tarehe 6 Februari 2015 yakanadiwa hadharani mjini Paris. Ferrari ile peke yake ilipita yuro milioni 16, na mkusanyo wote wa magari 59 ukapita yuro milioni 25.

Sisemi kwamba kila banda la Mombasa, Tanga au Nairobi limeficha Ferrari. Lakini nchi zetu nazo zina magari yenye tarehe yake. Katika Mashindano ya Safari, yaliyoanza mwaka 1953 yakizunguka Kenya, Uganda na Tanganyika, Peugeot 404 ilishinda mwaka 1963, kisha mara tatu mfululizo tangu 1966 hata 1968; Datsun 240Z ikashinda mwaka 1971 na 1973, na kati yake Ford Escort mwaka 1972. Wanunuzi wapo: tangu mwaka 2003 Afrika Mashariki ina mashindano yake ya safari kwa magari ya kale, na Nairobi ina maonyesho ya kuyashindanisha magari kwa uzuri na utunzaji. Zaidi ya hayo, Kenya hairuhusu kwa kawaida kuingiza gari lililopita miaka minane tangu kusajiliwa mara ya kwanza, kwa hiyo 404 iliyokatwakatwa leo hairudishwi kwa meli kesho. Na mwenye kuifufua 404 yake, akikosa mlango, taa au kabureta, hana pa kukimbilia ila mabanda haya haya.

Daftari ninalolitaka si kazi ya ulimwengu mzima. Ufunguo wa banda ukabidhiwe mtu mmoja. Kila gari liandikiwe namba ya chesisi na namba ya injini, na zilinganishwe na kadi ya gari, kwa maana gari lenye injini yake ya asili lina bei moja, na lililobadilishwa injini lina bei nyingine. Vipuri vitajwe ni vya gari gani, vipigwe picha palepale vilipo kabla ya kuguswa, na vile vya gari moja viuzwe pamoja na gari lao. Injini iliyolala miaka mingi isipigwe stata ili kumfurahisha mnunuzi, kwa sababu pistoni iliyoshikwa na kutu ikilazimishwa hukwaruza silinda, na dakika moja ya haraka ikapoteza kilichohifadhika miaka thelathini. Na aitwe fundi mzee wa marehemu, alipwe ujira wake kwa staha, kwani mara nyingi yeye peke yake ndiye ajuaye giaboksi ile ya kona ilitoka wapi na kwa nini iliwekwa.

Baada ya hayo ndipo aje mthamini, na mthamini asiwe mnunuzi, wala shemeji ya mnunuzi. Sheria imekwisha kutangulia katika jambo hili: Tanzania, msimamizi wa mirathi aliyeteuliwa na mahakama chini ya sheria ya mirathi hutakiwa kuwasilisha orodha ya mali ndani ya miezi sita, na hesabu yake ndani ya mwaka mmoja; na Kenya, kuingilia mali ya marehemu bila idhini ya sheria ni kosa la jinai. Lakini ni orodha ngapi zinazoandika maneno mawili tu, «magari mabovu», na kwa maneno hayo mawili zikahalalisha kila hiyana iliyofuata! Mahakimu na makadhi wasizikubali orodha za namna hiyo. Wazirudishe, wadai namba za chesisi, na watake mauzo yafanywe kwa mnada wa wazi.

Nayo lawama kubwa zaidi si ya warithi. Mtu aliyekusanya magari kwa miaka arobaini, akajua kila boliti ilikotoka, kisha akayaweka maarifa hayo moyoni mwake tu, amewaachia wanawe fumbo, na fumbo lisilo mfumbuzi hununuliwa rahisi. Wenye mikusanyo walio hai waandike wao wenyewe, pamoja na watoto wao: gari hili lilinunuliwa kwa nani, lina upungufu gani, vipuri vyake vi kasha gani, na ni nani wa kuaminiwa kulithamini. Wafanye hivyo wangali na afya na kumbukumbu, kwa kuwa hiyo ni amana juu yao, na hapana mrithi awezaye kuwatimizia.