Barabara Itangulie Bati
SAFU YA ARDHI NA MAKAZI
Na Tumaini Mwalongo

Ilembula, katika Wilaya ya Wanging'ombe mkoani Njombe, bado huhesabiwa na wengi kuwa kijiji, ilhali Hospitali ya Kilutheri na chuo chake cha afya vimekwisha kuvuta kandokando yake nyumba za wageni, mama lishe, maduka ya dawa na vyumba vya kupangisha, yaani karibu kila kilicho mjini isipokuwa mitaa iliyochorwa. Upangaji miji nchini Tanzania umezoea kuufuata mji ukiwa umekwisha kujijenga, na gharama ya ucheleweshaji huo humwangukia mwenye nyumba.

Mfano wa karibu ni Makambako, mji uliokua pale barabara kuu ya Tanzania na Zambia inapokutana na ile ya Njombe na Songea, kisha ukapata kituo cha reli ya TAZARA miaka ya 1970. Njia zilizouzaa mji huo ndizo pia zinazoubana, kwa kuwa Sheria ya Barabara ya mwaka 2007 ilipanua hifadhi ya barabara kuu, yaani ukanda usioruhusiwa kujengwa, hadi meta 30 kila upande kutoka katikati ya barabara, na maana ya X nyekundu ukutani haihitaji kuelezwa kwa mfanyabiashara yeyote wa kando ya lami.

Tiba inayozoeleka ni urasimishaji makazi, utaratibu uliomo katika Sheria ya Mipango Miji Na. 8 ya mwaka 2007, wa kutambua, kupima na kumilikisha maeneo yaliyojengwa bila mpango. Manufaa yake yapo, hasa hatimiliki inayoweza kuwekwa rehani benki, lakini mchoro ukifika baada ya nyumba, barabara hupita palipobaki upenyo tu, na gari la zimamoto huishia njia kuu. Hanna Nassif, Kinondoni, ambako tangu mwaka 1994 wakazi walishiriki kujenga mitaro ya maji ya mvua na barabara za changarawe, ni ushahidi kwamba mtaa huweza kukarabatiwa bila bomoabomoa; ni ushahidi vilevile wa jasho linalotumika kurekebisha yale ambayo kamba na vigingi vingeyazuia mapema.

Pengo lenyewe liko mahali pasipotazamwa. Mpango wa matumizi ya ardhi ya kijiji hutenga mashamba, malisho, misitu na makazi, na eneo lote la makazi hupakwa rangi moja kwenye ramani, bila kuonyesha njia ndani yake. Humo muuzaji na mnunuzi hukubaliana mpaka kwa mti au mfereji, mashahidi wakatia sahihi, na hakuna kati yao anayedaiwa hata hatua moja kwa ajili ya barabara. Halmashauri ikishirikiana na mkutano mkuu wa kijiji ingeweza kuanza na machache: njia, mitaro, soko, na mkondo wa mabomba ya maji ya mserereko, yaani maji yanayoshuka yenyewe kutoka milimani, ili nyumba zisijengwe juu yake. Kila mwenye shamba akitoa ukanda mwembamba kabla ya kuuza, kinachobaki hupanda thamani, na mzigo wa fidia, ambao ndio huua michoro mingi kabatini, hupungua sana.

Jambo gumu zaidi ni vinyungu, bustani za bondeni zinazolimwa kwa unyevunyevu wakati wa kiangazi. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 hukataza shughuli za kudumu ndani ya meta 60 kutoka mtoni, nayo huelekea kusomwa kama amri ya kumwondoa mkulima, ingawa mwenye kuangaliwa kwanza alipaswa kuwa mwenye tofali. Bonde lisilopewa kazi yoyote kwenye mchoro hukatwa viwanja, na aliyenunua kwa bei nafuu kiangazi hujua sababu ya unafuu huo mvua zikianza. Vinyungu vinavyolimwa bila kuharibu kingo za mto viandikwe katika mchoro wa mji kwa jina lake, kama vinavyoandikwa soko, shule na makaburi.