Programu Isiyomfikia Mwalimu Haijakamilika

Tukirudi kutoka mafunzo kwa vitendo, wengi wetu tunakuja na wazo lilelile: programu ndogo ya Python ya kumsaidia mwalimu kukokotoa matokeo. Anaingiza alama, programu inatoa gredi, inachagua masomo 7 bora, inajumlisha pointi, inapanga daraja. Pointi 7 hadi 17, daraja la kwanza. Kazi ya usiku mzima kwa kikokotoo inaisha kwa dakika chache. Safi kabisa. Halafu? Inawasilishwa, inapewa maksi, inabaki kwenye laptopu ya mwenyewe.

Jamani, mwalimu wa Kibosho au Rombo ataifunguaje? Kompyuta ya ofisi ya walimu mara nyingi haina Python, na mwalimu wa Historia hana haja ya kujifunza kuandika amri kwenye dirisha jeusi. Yeye anabofya mara mbili, basi. Huku mlimani kahawa haiuzwi ikiwa mtini. Huchumwa, huoshwa, hukaushwa, hufungwa kwenye gunia. Sisi tunaishia kuchuma.

Na kufungasha wala si kazi kubwa. PyInstaller inakusanya programu yako, Python yenyewe na maktaba inazozitegemea, vyote katika faili moja la kubebwa kwa flashi. Ila kuna masharti. Faili la Windows hufungashiwa kwenye Windows; la Linux halitafunguka huko. Kama shule bado inatumia Windows 7, tumia Python 3.8, maana toleo la 3.9 la mwaka 2020 liliiacha. Na alama zihifadhiwe kwenye folda ya mwalimu. Faili hilo moja hujifungulia folda ya muda, na programu ikifungwa, folda hiyo hufutwa pamoja na vilivyomo.

Wapo wanaosema tuweke kila kitu mtandaoni. Ni kweli, kusasisha kunakuwa rahisi. Lakini bando analipa nani? Mwalimu, mfukoni mwake. Tena alama za wanafunzi zinakwenda kukaa kwenye seva ya nani?

Napendekeza basi sehemu ya maksi za mradi itokane na jaribio moja. Flashi apewe mtu asiyejua Python, kwenye kompyuta isiyo na intaneti, na mwenye mradi akae kimya pembeni. Akiweza kutoa matokeo ya darasa moja, mradi umefaulu. Akishindwa, turudi mezani.